Samoa, visiwa ambako ukoo huchorwa kwenye ngozi

Bila shaka umewaona vijana wa siku hizi, iwe ni katika mitaa ya Nairobi au ufuoni Mombasa, wakitembea na chale za wino mweusi begani. Utaona mawimbi, meno ya papa, kasa, na mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Ukimwuliza mwenye bega atakwambia hiyo ni tatuu ya Kipolinesia, na pengine ataongeza kwamba yule kasa ni familia yake.

Hajakosea sana. Lakini je, anajua mchoro huo ulikotoka? Na huko ulikotoka, nani mwenye idhini ya kuuvaa? Ili tupate jibu, fuatana nami leo hadi visiwa vya Samoa, ambako chale huhesabiwa kuwa mali ya ukoo mzima, na yule anayechanjwa ni mbebaji tu.

Safari yenyewe ni ndefu. Polinesia ni jina la visiwa vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki ndani ya pembetatu kubwa. Pembe ya kaskazini ni Hawaii, ya kusini magharibi ni New Zealand, na ya mashariki ni kisiwa cha Rapa Nui. Samoa iko upande wa magharibi wa pembetatu hiyo. Unapokula chakula cha mchana Nairobi saa sita, mjini Apia, makao makuu ya Samoa, ni saa nne za usiku na watu wanatandika vitanda.

Wasamoa wenyewe waliwahi kuichezea kalenda. Mwaka 2011 serikali yao iliamua kuvuka mstari wa tarehe ili siku zao zilingane na za New Zealand na Australia wanakofanya biashara. Waliolala Alhamisi tarehe 29 Desemba waliamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ya wiki hiyo haikuwako kabisa.

Nchi ina visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i, pamoja na vingine vidogo, na wakazi wake ni takriban laki mbili. Ilitawaliwa na Wajerumani kuanzia 1900 hadi 1914, kisha na New Zealand hadi ilipojitawala tarehe 1 Januari 1962. Mpenda historia atafurahi kusikia kwamba Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, alikuwa ofisa huko Samoa kabla ya kuletwa huku kwetu.

Ukitua katika uwanja wa ndege wa Faleolo, utachukua barabara ya pwani kuelekea Apia. Hutaona ugeni mwingi. Magari hupita upande wa kushoto kama Kenya, jambo ambalo Wasamoa waliliamua mwaka 2009 baada ya kuendesha upande wa kulia kwa miaka mingi. Kandokando kuna minazi, mishelisheli na migomba. Wanaume kwa wanawake wamejifunga kitambaa kiunoni mfano wa kikoi au leso, nacho huitwa lavalava.

Kitakachokushangaza ni nyumba. Nyumba ya asili ya Kisamoa, iitwayo fale, haina kuta. Ni paa lililobebwa na nguzo, basi. Mpita njia anaona nani amelala, nani anakula, na nani ametembelewa na wageni. Mtu aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hujifunza mapema kwamba maisha yake yanatazamwa na wengine, na kwamba jina lake si lake peke yake.

Ukifika siku ya Jumapili kama leo, utakuta Apia kimya. Watu wamevaa nguo nyeupe, wanatoka kanisani, na moshi unafuka nyuma ya nyumba ambako chakula kilikuwa kikiokwa juu ya mawe ya moto tangu alfajiri. Mlo huo wa Jumapili huitwa to'ona'i. Kuna nduma, kuna shelisheli, kuna samaki, na kuna majani ya nduma yaliyopikwa kwa tui la nazi. Mtu wa Lamu au Kilifi angenawa mikono na kukaa bila kuuliza maswali.

Familia inayokutana kwa mlo huo si baba, mama na watoto pekee. Wasamoa huiita 'aiga. Hapa nikudokezee siri ya kusoma lugha yao. Herufi g husomwa ng', kama katika neno ng'ombe. Kwa hivyo 'aiga ni "aing'a". Ndani yake mna mababu, wajomba, shangazi, binamu, wakwe, na watu waliopokewa ukooni. Kila 'aiga ina kiongozi mwenye cheo, aitwaye matai, na cheo hicho huchaguliwa na ukoo wenyewe. Matai husimamia ardhi ya ukoo na kuusemea barazani.

Sasa, kijana wa Kisamoa anafikaje kwenye heshima hiyo? Jibu lao ni fupi: kwa kutumikia. Neno lao ni tautua, yaani utumishi. Msemo wao mashuhuri unasema kwamba njia ya kufika kwenye mamlaka ni utumishi. Kijana hupika, huvua samaki, hulima, hupokea wageni, huwahudumia wazee. Na alama kubwa ya kwamba amekubali utumishi huo ndiyo chale tunazozizungumzia.

Neno lenyewe kwa Kisamoa ni tatau. Wenzao wa Tahiti nao hulitumia, na ni huko ambako mabaharia wa Nahodha James Cook walilisikia mwaka 1769 wakalipeleka Ulaya. Likazunguka dunia, likapita Uingereza, na mwishowe likatufikia sisi tunaosema tatuu. Kwa hivyo, kila kijana wa Nairobi anayetamka neno hilo anazungumza Kipolinesia bila kujijua.

Lilianzia wapi jambo lenyewe? Kwa hilo itakubidi uvuke hadi kisiwa cha pili. Panda feri katika bandari ya Mulifanua, na baada ya saa moja na ushei utateremka Salelologa, kisiwani Savai'i. Kisha fuata barabara hadi ncha ya magharibi, katika kijiji cha Falealupo. Wenyeji watakuonyesha bahari na kukusimulia kisa.

Wanasema kulikuwa na mapacha wawili wa kike, Taema na Tilafaiga, waliotoka Fiji wakiogelea, wakiwa na kikapu chenye vifaa vya kuchanja chale. Njiani walikuwa wakiimba kwamba wanaochanjwa ni wanawake, wanaume hawachanjwi. Walipokaribia Falealupo waliona kombe kubwa chini ya maji. Wakazama kulichukua. Walipoibuka wakihema, wimbo ulikuwa umepinduka vinywani mwao: sasa wakaimba kwamba wanaochanjwa ni wanaume. Wasamoa hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, lakini ndani yake kuna jambo la kweli: kazi hii ni urithi uliotoka kwa wazee, ikapokewa mkono kwa mkono.

Na kweli imepokewa hivyo. Fundi wa chale huitwa tufuga ta tatau, na ufundi huo umekaa katika koo maalum kwa vizazi vingi. Maarufu zaidi ni ukoo wa Su'a. Mtu hajiamulii tu asubuhi moja kwamba yeye ni tufuga. Hukaa miaka chini ya mkubwa wake, kwanza akivuta ngozi ya mchanjwaji ili ikazike na kufuta damu, kabla ya kukabidhiwa kifaa.

Vifaa vyenyewe ni vya kutisha ukiviona mara ya kwanza. Kuna kitana chenye meno makali, ambacho zamani kilichongwa kutokana na meno ya nguruwe dume na kufungwa kwenye kipande cha gamba la kasa, kisha kwenye mpini wa mti. Tufuga huchovya meno hayo kwenye wino, huyaweka juu ya ngozi, kisha hugonga mpini kwa kijiti kingine. Ko, ko, ko! Mlio huo ndio utakaousikia kabla hujaona chochote. Wino wa asili hutokana na masizi ya kokwa zenye mafuta zilizochomwa.

Kuna aina mbili kuu za chale. Ya wanaume huitwa pe'a, nayo huanzia kiunoni na kushuka hadi magotini, mbele na nyuma, bila kuacha nafasi kubwa. Ukimwona mwenye pe'a akiwa amekunja lavalava yake kwa ajili ya kazi au ngoma, utadhani amevaa suruali nyeusi ya kubana. Jina pe'a ndilo jina la popo mkubwa wa huko anayekula matunda, yule anayejifunika kwa mbawa zake anapolala.

Sasa tazama michoro yenyewe, maana hapo ndipo familia ilipofichwa. Kazi huanzia mgongoni, juu ya kiuno. Mojawapo ya michoro ya hapo huitwa va'a, yaani mtumbwi. Wasamoa ni watu waliofika kwao kwa mitumbwi, wakivuka bahari isiyo na mwisho, na mtumbwi wa kwenda mbali hauendeshwi na mtu mmoja. Wavuvi wa pwani yetu wanaoijua ngalawa na mirengu yake wanaelewa vyema kwamba mmoja akitepeta, wote wanazama. Kwa hivyo mwenye pe'a huubeba mgongoni mtumbwi uliowaleta wazee wake.

Kutoka mgongoni mistari huzunguka mbavuni na mapajani. Mistari hiyo huitwa aso, neno ambalo pia ni jina la fito za paa la nyumba. Ukiikumbuka ile fale isiyo na kuta, utaelewa. Nyumba hiyo imesimama kwa sababu ya fito na nguzo zake tu. Kijana aliyechanjwa aso mwilini ni kama amegeuzwa kuwa sehemu ya paa. Watu wa ukoo wake watajikinga mvua chini yake.

Chale za wanawake huitwa malu. Hizo huanzia sehemu ya juu ya mapaja na kukomea chini kidogo ya magoti, na ni nyepesi, zenye nafasi kati ya alama. Kuna nyota, kiti cha pweza, tandu, wavu wa kuvulia samaki, na nyayo za ndege wa pwani. Nyuma ya goti huwekwa mchoro mmoja mithili ya almasi, na huo ndio uitwao malu hasa. Maana ya neno hilo ni kujikinga, kuwa na stara, kuwa chini ya ulinzi.

Zamani malu ilikuwa zaidi ya mabinti wa machifu, waliokuwa na kazi ya kuwapokea wageni wakubwa na kucheza ngoma ya mwisho katika sherehe. Siku hizi wanawake wengi huchanjwa. Hata hivyo, malu haianikwi ovyo. Huonekana kidogo chini ya lavalava mwanamke anapocheza au anapohudumu katika sherehe, kisha hufunikwa tena. Mwanamke ndiye stara ya ukoo, na alama yenyewe nayo ina stara.

Je, unaona jambo la ajabu hapo, msomaji? Katika michoro yote hiyo hakuna jina la mtu. Hakuna jina la mama lililoandikwa kwa herufi za kupinda, hakuna tarehe ya kuzaliwa mtoto, hakuna moyo uliochomwa mshale. Kila pe'a ina mpangilio ule ule wa jumla, na tofauti huwa katika mkono wa fundi na katika mambo madogomadogo. Kijana hataki chale zinazosema "mimi". Anataka zinazosema "mimi ni wa watu hawa".

Na watu hao huwapo. Kwa desturi huchanjwa watu wawili wawili, kila mmoja akiwa na mwenzake wa kushiriki maumivu. Jamaa huketi kando kwenye mikeka, wakipepea, wakiimba, wakimshika mkono. Ukoo ndio unaomlipa tufuga, kwa pesa, vyakula, na ile mikeka myembamba ya thamani kubwa inayosukwa na wanawake kwa miezi mingi, ambayo mwaka 2019 iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni mchango wa wote, mfano wa harambee yetu.

Kwa sababu hiyo, hatari yake nayo ni ya wote. Kazi ya pe'a huchukua vikao vingi, kila kimoja cha saa kadhaa, na inaweza kuendelea kwa siku nyingi au hata majuma. Mwili huvimba. Mchanjwaji hupelekwa baharini au kuogeshwa, na viungo vyake hukandwa ili wino na damu vitoke. Kulala ni taabu, kuketi ni taabu, na kesho yake lazima arudi kwenye mkeka ule ule.

Wako wanaoshindwa. Mwanamume anayeacha katikati huitwa pe'a mutu, yaani pe'a iliyokatika. Alama hiyo ya nusu hubaki mwilini mwake maisha yote, na aibu haimpati yeye peke yake bali huwafikia pia mama yake, wajomba wake, na matai aliyemleta. Ndiyo maana ukoo wenye busara haumsukumi kijana mkekani kabla hajawa tayari. Kwa upande mwingine, aliyemaliza hupata jina la heshima, soga'imiti, na nafasi ya kuhudumu mbele ya wazee.

Siku ya kumaliza hufanywa sherehe iitwayo samaga. Waliochanjwa hupakwa mafuta ya nazi na manjano, ile ile manjano ya kwenye pilau na ya kumsinga bi harusi wa Pwani. Hupasuliwa yai kichwani kuonyesha kwamba kifungo kimefunguliwa na miiko imekwisha. Watu hula, hucheza, na mama wa kijana hutazama kazi iliyokamilika.

Usidhani desturi hii ilifika hapa ilipo bila misukosuko. Mmishonari John Williams wa London Missionary Society alifika Savai'i mwaka 1830, na waliomfuata hawakuzipenda chale. Waliziona kuwa alama za upagani. Katika visiwa vya Tahiti zilipigwa marufuku kwa sheria na ufundi ukafa, hata ikabidi watu wa huko waanze upya katika karne ya 20. Samoa haikuacha. Wasamoa walikubali Ukristo kwa moyo wote, bendera yao ina msalaba wa nyota, lakini wakaingia kanisani na chale zao. Leo ufundi wa Samoa ndio unaotajwa kila mara kuwa haukukatika, na mafundi wake wamewasaidia jirani zao kuurudisha wa kwao.

Miongoni mwa jirani hao ni Wamaori wa New Zealand. Wao huchora usoni, na chale zao huitwa moko. Wanawake huchanjwa kidevuni na midomoni. Hapo napo ukoo ndio msingi, kwani moko husomwa kama shajara ya nasaba. Mwaka 1840, wakati machifu wa Kimaori walipotia sahihi Mkataba wa Waitangi na Waingereza, baadhi yao hawakuandika majina, walichora sehemu za moko zao. Mwaka 2020 Nanaia Mahuta aliteuliwa waziri wa mambo ya nje wa New Zealand, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, akiwa na moko kidevuni. Popote alipokwenda kuiwakilisha nchi yake, nasaba yake ilitangulia.

Wamaori wamepata njia ya kiungwana ya kumsaidia mgeni anayeipenda michoro yao. Moko ni ya mwenye nasaba. Lakini ipo michoro ya mtindo huo isiyobeba nasaba ya mtu, nayo huitwa kirituhi, yaani maandishi ya ngozini. Mgeni akichorwa kirituhi hajamwibia mtu babu yake.

Hili la wizi si mzaha. Mwaka 2013 kampuni ya Nike ilitoa nguo za kubana za wanawake zenye michoro kama ya pe'a. Watu wa visiwa vya Pasifiki walipaza sauti, wakisema kwamba pe'a ni ya wanaume na kwamba hainunuliwi dukani. Kampuni iliomba radhi na kuziondoa. Miaka mitatu baadaye Disney nayo ililazimika kuliondoa vazi la watoto lililofanana na ngozi ya kahawia iliyojaa chale, lililokuwa la kuitangaza filamu ya Moana. Wazazi wengi waliuliza swali moja: ngozi ya babu yangu imekuwaje nguo ya kuvaa na kuvua?

Hata ndani ya Samoa mabishano hayajaisha. Wasamoa wengi wanaishi New Zealand, Australia na Marekani. Watoto wao wamezaliwa huko, na wengine Kisamoa chao ni cha kubahatisha. Baadhi yao hurudi Apia kwa likizo wakiwa na pesa mfukoni na kutaka pe'a. Wazee wengine hunung'unika: huyu amemtumikia nani? Alipika lini, alilima wapi? Wengine hujibu kwamba kijana aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kiwandani na kutuma pesa za karo na matanga nyumbani ametumikia kuliko aliyekaa kijijini akicheza karata. Mkenya mwenye ndugu ughaibuni ataujua mjadala huo vizuri, kwa maana nasi huufanya kila msimu wa kurudi watu nyumbani.

Nionavyo, wote wawili wana haki, na jambo linalowaunganisha ndilo muhimu. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama mchoro unapendeza. Wote wanauliza kama umelipiwa, na malipo wanayoyazungumzia si ya pesa.

Ukitaka kuiona kazi hii kwa macho yako, Apia kuna kijiji cha utamaduni karibu na ufuo wa bahari ambako wageni hupokewa. Zingatia adabu. Ukiingia mahali tufuga anapofanya kazi, usisimame kama mlingoti. Keti chini, kunja miguu, wala usiinyooshe kuelekea kwa mtu. Usipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Aliyelala mkekani anaumia, na jamaa zake hawakuja kwenye sinema.

Na kama unafikiria kuchanjwa, iwe huko au hapa nyumbani, fikiria afya kwanza. Vifaa vya mfupa ni vigumu kuua vijidudu vyake, ndiyo maana mafundi wengi siku hizi hutumia vya chuma vinavyosafishwa kwa joto. Kifaa kichafu huweza kuambukiza homa ya ini, virusi vya Ukimwi au pepopunda, na wako waliolazwa hospitalini wakiwa mahututi baada ya vidonda vyao kuingia sumu. Usione haya kumwuliza fundi anavyosafisha vifaa vyake. Akikasirika, ondoka.

La pili, jiulize ni familia ya nani unayoichora. Madukani utaonyeshwa vitabu vya michoro: kasa ni familia, meno ya papa ni ulinzi, watu walioshikana mikono ni mababu. Maana hizo hazikuzuliwa hewani, lakini zimekatwa kutoka visiwa mbalimbali na kuchanganywa kama mishikaki. Mwite kasa familia yako ukitaka, lakini je, familia yako inamjua huyo kasa?

Sisi wenyewe hatukosi alama zetu. Hebu lifikirie neno nembo. Leo likitajwa tunafikiria shule, kampuni au serikali. Lakini maana yake nyingine ya tangu zamani ni zile chale za uso na mwili ambazo watu kama Wamakonde walichanjwa ili wajulikane ni wa nani. Lugha yetu imeihifadhi kumbukumbu hiyo, ila wengi wetu tumesahau kuiuliza. Pengine kabla ya kwenda dukani na picha ya simu, kijana angeketi na nyanya yake jioni moja na kumwuliza: sisi tulijulikana kwa alama gani? Tulivuka mto gani, tulibeba nini?

Jambo la mwisho, msomaji, ni kuhusu mchoro wa mwisho. Tufuga akishamaliza mgongo, mbavu na mapaja, bado pe'a haijakamilika. Hubaki alama moja ndogo ya kufungia kazi, nayo huchanjwa kitovuni. Huitwa pute, yaani kitovu chenyewe. Kwa Kisamoa, neno fanua humaanisha ardhi, na pia humaanisha kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni na ambalo kwa desturi huzikwa katika ardhi ya ukoo. Nasi tuna msemo wa kusema kwamba mtu ni wa mahali kitovu chake kilipozikwa.

Basi maumivu yote hayo, kuanzia mtumbwi wa mgongoni, huishia pale ambapo kila mmoja wetu aliwahi kufungwa kwa mama yake. Alama hiyo tulizaliwa nayo sote, wa Apia na wa Machakos, na haikutugharimu chochote. Gharama huanza baadaye, pale wazee wanapozeeka, karo inapodaiwa na matanga yanapoingia, na ukoo unatazama kuona nani atakayeshika fito ya paa.